Mzigo wa Melchora

Watu wa Callao walikuwa na mambo mawili ya kusema juu ya Melchora Zegarra, na yote mawili walimwambia usoni. La kwanza, kwamba pwani nzima ya Peru haikuwa na mwanamke aliyejua kupanga mzigo kama yeye. La pili, kwamba alikuwa mnene. "Melchora akipanda mashua upande huu," wapagazi wa gatini walisema, "chini ya upande wa pili panakauka kwa jua." Naye alicheka pamoja nao, halafu akawapunja kwenye mihogo, maana hakuwa mtu wa kutaniwa bure.

Kazi yake ilikuwa kuzilaki mashua zilizoleta mboga na matunda kutoka mabondeni, kununua shehena nzima, na kuipanga upya kabla ya kuiuza kwa meli kubwa zilizotia nanga. Maboga chini. Mihogo imelala kwa urefu, viazi vitamu vikiziba mianya, matopetope juu kabisa yasije yakapondeka, na kuku wamefungwa miguu ukingoni ili kelele zao ziite wateja. Mwisho, kwenye omo, mbele kabisa ya mashua, alichomeka kishada cha mrehani. Bila mrehani, alisema, mzigo haujaisha. Wapishi wa meli za kila taifa walikijua kishada kile, na wakikiona hawakupekua wala kubonyezabonyeza, walinunua. Kizuri chajiuza.

Lakini nisimpambe mno, alikuwa mjanja pia. Mashua yenye mali nzuri ikiingia na wachuuzi wenzake wakiikimbilia, Melchora alipaza sauti kutoka juu ya gati: "Homa ya manjano! Kuna maiti ya homa ndani!" Wanawake wakatawanyika wamejiziba pua, naye akateremka taratibu akanunua vyote. Aliucheza mchezo huo mara nne. Jacoba Lumbreras, komadre wake aliyempakata binti wa Melchora siku ya ubatizo, alidanganyika mara zote nne. "Wewe komadre," alimwambia, "siku utakayosema kweli, hata Mungu atakuomba shahidi."

Kisha ikaja vita. Manowari za Chile ziliufunga mdomo wa bandari, na mwezi wa nne zikaanza kupiga mizinga. Kombora moja lilitua juu ya tishari la Hilarión, mume wa Melchora, likiwa limefungwa gatini na watu sita ndani. Walichomletea ni kiatu kimoja, na ndani ya kiatu mlikuwa na mguu, umekatika kwenye kifundo. Hakulia mbele ya watu. Aliuosha mguu ule, akaufunga kitambaa cheupe, akauweka mwisho wa jeneza la urefu wa mtu mzima. Halafu akalijaza jeneza viazi vitamu, kimoja kimoja, akipima kwa mikono, mpaka uzito ukawa uleule aliokuwa ameuzoea kitandani kwa miaka ishirini na miwili. Hakutaka wabebaji wamwone mumewe mwepesi.

Kaburini ndipo sauti ilipomtoka, na haikuwa sala. Aligeukia bahari akapiga ukelele: "Mtanilipa kwa nyama, mbwa ninyi! Kwa nyama, si kwa maneno!" Padre alijifanya hakusikia. Tangu siku hiyo Melchora alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kuwaona Wachile wakiokotwa vipande vipande kama alivyookotwa mume wake.

Binti yao, Rosenda, alikuwa na miaka kumi na tisa. Melchora alimtoa mjini, akampeleka ng'ambo ya mto Rímac, kwenye ufuko wa Bocanegra, ambako watu waliokimbia makombora walijenga vibanda vya mikeka. Jacoba alikuwa huko tayari, akampokea. Njaa ilikuwa huko tayari vilevile. Kufikia mwezi wa saba watu wa Bocanegra walikuwa wanachemsha magugu ya baharini na kugombania mikia ya panya.

Siku moja mlango wa Melchora ukagongwa na Don Evaristo, fundi saa wa zamani ambaye sasa aliwatengenezea wanamaji torpedo katika zizi kuukuu nyuma ya forodha. Siku zile kila kilicholipuka majini kiliitwa torpedo, hata pipa. Pipa ndilo lililokuwa torpedo lake la kwanza. Alilijaza baruti akaliachia mkondo ulipeleke kwa adui, mkondo ukalirudisha, likawararua wanamaji wawili wa Peru waliokuwa wakijisaidia kwenye miamba. La pili lilinunuliwa ng'ambo kwa bei ya kuumiza. Hilo lilikuwa na mashine ya kujiendesha, refu kama papa, na lilipoachiliwa lilienda hatua mia, likakata kona, likarudi kwa bwana wake. Don Evaristo aliruka majini ndipo akapona. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, na viwili vilivyopungua vilipotea katika majaribio ambayo hakupenda kuyasimulia.

"Mama Melchora, nimekuja na shida."

"Shida zote za mji huu zinakuja zimevaa viatu vya serikali. Kaa."

Akakaa, akaeleza. Walikuwa wamechukua mashua, wakaitia baruti kali chini, wakaifunika mboga, wakaiachilia karibu na manowari kama mashua iliyokimbiwa na wenyewe. Walitaraji Wachile waivute ubavuni na kupakua. Badala yake Wachile walicheka, wakaipiga mzinga kwa mbali, ikapasukia baharini bila kumuua hata kunguru.

"Nani aliupanga mzigo?" Melchora aliuliza.

"Wanamaji."

"Waliupangaje?"

"Matopetope chini, maboga juu, ili—"

Melchora alicheka mpaka machozi. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi. "Maboga juu ya matopetope! Don Evaristo, hata mimi ningeipiga mzinga. Hakuna mchuuzi chini ya jua anayefanya hivyo. Wale wameona kaburi limewekewa majani."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kicheko kikamkauka. "Watakufa wangapi?"

"Wakiivuta ubavuni, wengi."

"Basi leta maboga," akasema.

Wakamletea. Sijui jeshi lilikokitoa chakula kile, na Melchora hakuuliza. Alikuwa hajaona mali kama ile kwa miezi mitatu: maboga ya kukumbatia kwa mikono miwili, mihogo isiyo na doa, kuku wenye mafuta. Mate yalimjaa, akayameza. Hakuonja hata pilipili.

Don Evaristo alimwonyesha siri ya chombo chake. Chini kabisa, ratili mia tatu za baruti kali. Juu ya baruti, springi ya gari la farasi, kali kama nyumbu wa jeshi, na juu ya springi ubao mpana. Mzigo ndio unaoukandamiza ubao. Mzigo ukipungua, ubao unainuka, na ukiinuka upana wa vidole viwili tu, nyundo inapiga fataki. Palikuwa na pini moja ya chuma ya kuizuia nyundo wakati wa kupakia, nayo iliingia kwenye tundu chini ya benchi la omo.

"Ubao unataka uzito gani ili utulie?"

"Ratili mia mbili. Chini ya hapo unaruka."

"Mia mbili!" Melchora alijipiga paja. "Mimi mwenyewe kabla ya vita nilikuwa mia mbili na sitini."

"Na sasa?"

"Sasa shika adabu yako."

Lakini ndivyo walivyofanya. Melchora alipanda mashuani, akakaa katikati ya ubao kama malkia, ukatulia chini yake. Don Evaristo akachomoa pini kwa vile vidole vyake vitatu, jasho likimtiririka puani, akaitia mfukoni mwa kizibao. Kisha wakawa wanampa maboga, naye anayapanga kuzunguka mapaja yake mwenyewe, na kadiri mzigo ulivyoongezeka ndivyo alivyojisogeza pembeni kidogo kidogo, mpaka akashuka na boga kubwa kuliko yote likawa limekaa mahali pake. Akapanga mihogo, akaziba mianya, akaweka matopetope, akafunga kuku. Alirudi nyuma hatua tatu akautazama. Haukuwahi kupangwa mzigo mzuri kama ule. Mkono wake ukaingia wenyewe kwenye aproni, ukatoa kishada cha mrehani, akakichomeka kwenye omo.

"Hiyo ya nini?" Don Evaristo aliuliza.

"Mzigo umeisha."

Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la mtu anayeijua kazi. Mchuuzi mbaya asingelifanya.

Alfajiri mashua ilivutwa nje ya gati na kuachwa kwenye ukungu. Mkondo ulitakiwa kuipeleka moja kwa moja kwa manowari iliyolala mbele ya bandari. Melchora na Don Evaristo walikaa kwenye mawe ya gati wakingoja mshindo. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, hakuna kitu. Ukungu ulipoinuka, manowari ilikuwa palepale, nzima, moshi mwembamba ukitoka jikoni kwake. Don Evaristo akainua darubini, akatafuta, akaipeleka kaskazini, akasimama ghafla.

"Imepita," alisema. "Imeenda na mkondo. Inaelekea Bocanegra."

Melchora alikuwa ameshaona akilini wanawake wenye njaa wakiteremka mbio ufukoni, na Rosenda mbele yao.

"Nenda kwa nchi kavu, uwazuie!" Don Evaristo alikuwa tayari anachechemea kuelekea kwenye ngazi. "Mimi nakuja kwa maji. Nikiitia pini imekwisha. Wasipakue tu! Wasipakue!"

Melchora alimnyang'anya mchota maji punda wake, na mchota maji alipoleta maneno alimpiga ngumi moja ya shingo akamwacha amekaa kwenye dimbwi. Punda alikimbia mpaka mtoni, akagoma. Melchora akamtukana mama yake, akashuka, akaingia mtoni. Maji yalimfika kifuani, yakamsukuma, yakampiga magoti kwenye mawe. Akatoka upande wa pili kiatu kimoja hana.

Mashua ilikuwa imekwama kwenye kokoto, hatua kumi kutoka nchi kavu, na wanawake arobaini walikuwa wameizunguka maji yakiwa magotini. Vikapu, aproni, hata kofia, vyote vilikuwa vinajazwa. Kuku walikuwa wameshang'olewa vichwa. Rosenda alikuwa ndani ya mashua, akiwarushia wenzake mihogo.

"Acheni!" Melchora alipiga ukelele. "Msipakue! Rudisheni vilivyo chini!"

Vichwa viligeuka. Jacoba ndiye aliyemtambua kwanza, naye alikuwa na kishada cha mrehani mkononi.

"Sikuwaambieni?" Jacoba aliwageukia wenzake. "Mrehani huu wa nani mwingine? Ni mzigo wake! Sisi tunakula panya, mwenzetu ana boga la kulishia askari wa farasi!"

"Komadre, kuna baruti! Chini kuna baruti, haki ya Mungu, mtakufa!"

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa cha watu ambao hawajala. "Jana homa ya manjano," mmoja alisema, "leo baruti!"

"Kesho simba!"

"Pakueni upesi, jamani, mwenye mali amefika!"

Wakaongeza kasi. Kila alivyopiga ukelele ndivyo mikono ilivyozidi kwenda mbio. Melchora alijitosa majini akawavamia kwa mwili wake wote, akiwasukuma kushoto na kulia. Mwanamke mmoja alimrukia mgongoni na kumng'ata sikio. Alimtupa juu ya bega, akaanguka kifudifudi kwenye kokoto. Mwingine alimkwaruza jicho. Jacoba alimpiga usoni kwa kuku aliyechinjwa, damu ikampaka mpaka kifuani.

"Ulivizika viazi na mumeo!" Jacoba alilia kwa hasira. "Jeneza zima la viazi! Mwanao mwenyewe amevimba miguu kwa njaa, na wewe unawapikia wafu!"

Neno lile lilimchoma Melchora kuliko jino lile la sikioni. Lakini macho yake yalikuwa mashuani. Maboga ya pembeni yalikuwa yamekwisha. Mihogo imekwisha. Lilibaki lile boga kubwa katikati na viazi vichache, na Rosenda, amesimama juu ya ubao, alikuwa ameinama analikumbatia ili aliinue. Ubao ulilia, mlio mdogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Melchora peke yake aliusikia.

Alishika ukingo akapanda kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, mashua ikalala ubavu, akaanguka kwa tumbo juu ya ubao. Ukashuka. Alihisi springi ikisukuma chini ya kitovu chake, ikikataa, kisha ikakubali.

"Shuka," alimwambia binti yake.

"Sishuki." Rosenda alikuwa amelishika boga, mashavu yamembonyea, macho makubwa. Alimtazama mama yake amelala juu ya viazi vya mwisho amevifunika kwa mwili wake. "Unavilalia? Hata hivi vichache?"

"Rosenda, mwanangu, kuna baruti. Shuka ukimbie."

"Mama gani wewe? Mama gani anayelalia chakula? Mimi sina mama!"

Kasia lilikuwa mkononi mwa Melchora. Hapakuwa na muda wa maneno. Alimpiga nalo mdomoni, kwa nguvu zote. Meno mawili ya mbele yalitoka, damu ikaruka juu ya boga, na Rosenda akaanguka nyuma ndani ya maji akimwacha mama yake na mzigo wake. Jacoba alimwopoa kwa nywele. Melchora akajigeuza, akakaa kitako katikati ya ubao kama alivyokaa zizini, akaanza kulizungusha kasia. Alivunja mkono wa mmoja. Alimpasua mwingine kichwa. "Njooni!" aliwaita. "Njooni niwamalize!" Wakarudi nyuma wakiburuta majeruhi, na kutoka nchi kavu wakaanza kumpiga mawe. Bocanegra ina mawe mengi. Moja lilimpasua paji la uso, moja likamvunja ubavu. Hakuinuka. Alilia kwa sauti sasa, kwa maumivu na kwa aibu, lakini kwa mbali alikuwa ameiona mashua ndogo ya Don Evaristo inakuja, na moyoni alihesabu makasia. Pini. Pini tu, na yote yangepoa. Angemwosha Rosenda mdomo. Angewapikia wote.

Wachile nao walikuwa na darubini. Mashua yao ya mvuke ilitokea nyuma ya ncha ya miamba, na jambo la kwanza ililofanya ni kuifyatulia mashua ya Don Evaristo mzinga wake mdogo wa omoni. Risasi ya kwanza ilipita. Ya pili ilimpata fundi saa kifuani na kuikata mashua vipande viwili. Pini ikashuka chini ikiwa mfukoni mwake.

Kisha wakageukia ufuko. Wakapiga bunduki juu ya vichwa, na mmoja hakujali juu. Bibi mmoja aliyekuwa bado anaokota viazi majini alikaa chini taratibu, shingo imetoboka, maji yakawa mekundu mpaka kwenye kokoto. Wanawake wakakimbia, wakajilaza nyuma ya tuta la mawe, hatua thelathini tu. Melchora alizihesabu hatua zile. Aliijua baruti ratili mia tatu inavyofanya. Thelathini hazitoshi.

Koplo mmoja mwenye sharubu alimkaribia, maji kiunoni, akicheka. "Tazameni, wenzangu, kuku ameatamia! Teremka, mama."

Kama angeinuka hapo, angempata koplo yule na watu wake wanane. Na Rosenda, na Jacoba, na arobaini wengine. Melchora alijifuta damu machoni, akaweka mikono kiunoni, na ikamtoka sauti yake ya sokoni.

"Nikiteremka mtaniibia."

"Tutakuibia ukiwa juu au ukiwa chini."

"Basi mtaniibia nikiwa juu. Boga hili ni la nahodha. Siuzi kwa wabeba bunduki, nina heshima zangu. Nipelekeni kwa mpishi wa meli yenu tupatane bei."

"Mnyanyueni huyo," koplo alisema, na wanaume wawili wakamshika makwapa. Melchora aliulegeza mwili wote akajifanya gunia. Walivuta, wakatweta, mmoja akateleza akanywa maji. Wenzao wakafa kwa kicheko.

"Koplo, huyu anataka winchi!"

"Winchi ipo melini," Melchora alisema. "Si nilishawaambia?"

Wakafunga kamba. Mashua ya mvuke ikavuta, kokoto zikakwaruza, mzigo wa Melchora ukaelea. Kutoka nyuma ya tuta wanawake walimwona akipelekwa kwa adui amekaa wima kama bibi harusi, nao walisimama wakamtemea mate na kumwita kahaba wa Wachile. Jacoba alipiga kelele kuliko wote. Rosenda hakuweza kupiga kelele, mdomo wake ulikuwa umejaa damu. Alitazama tu.

Njia nzima Melchora aliwatania. Aliwauliza kama Chile kuna maboga au kuna mawe tu. Huku anaongea, mkono wake ulikuwa unavikusanya viazi vilivyobaki na kuvipanga kuzunguka boga, vikubwa nje, vidogo ndani. Aliogopa. Mtu asiwadanganye kwamba hakuogopa. Alikuwa amejikojolea tangu mtoni.

Ubavu wa manowari ulikuwa mweusi na mrefu. Watu walijaa ukingoni kumwona mchuuzi mnene, hamsini, sitini, wengine wamepanda kwenye kamba, wameshika masufuria. Ngazi ikashushwa. Mwanamaji mmoja mwenye mvi akateremka mpaka ngazi ya mwisho, akavua kofia, akamnyooshea mkono. Alikuwa na uso wa mtu aliyewahi kuwa na mama.

"Simama, mama," alisema kwa upole. "Taratibu. Nimekushika."

Melchora aligeuka akatazama ufuko. Ulikuwa mbali sasa, wanawake wamekuwa wadogo kama punje za mtama, na hakuweza kumtambua yupi ni Rosenda. Akampa mzee yule mkono wake.

"Asante, baba," akasema, akasimama.

Moshi ulipoondoka palikuwa na nusu ya manowari. Nayo haikuchukua muda kuzama. Maji yalileta watu Bocanegra kwa siku tatu, vipande kwa vipande, kama alivyoomba kaburini, na wanawake wakavifukia mchangani bila kuuliza kipi cha nani. Kwa kuwa hawakujua ni kipi cha Melchora, kila kipande walikifanyia ishara ya msalaba. Jacoba alipanda mrehani juu ya tuta, ukafa kwa chumvi, akapanda tena.

Rosenda aliuza mboga Callao mpaka uzeeni. Fundi bati aliyemposa aliahidi kumwekea meno mawili ya dhahabu siku ya harusi, na watu wakamwambia akubali, msichana mzuri kama yeye atabakije na pengo mbele. Alikataa, na mchumba alipozidi kumuuliza sababu, aliweka kidole kwenye lile pengo.

"Nilimwambia sina mama," alisema. "Alinijibu hapa."